Kidonge cha Kumlaza Mgonjwa

Mwaka 1964, katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma mjini Jerusalem, daktari Jacob Sheskin alikuwa na mgonjwa aliyekosa usingizi kwa maumivu. Bakteria wa ukoma hujificha ndani ya neva za mikono, miguu na uso. Lakini kilichomtesa mtu huyu ni kinga ya mwili wake mwenyewe: homa, vinundu vyekundu vinavyouma. Hali hiyo ikishika neva nazo huvimba, na zikiachwa hivyo, ganzi huingia, vidole hujikunja, mguu huburuzika. Inaweza kumrudia hata mtu aliyekwisha kumaliza dozi, kwa kuwa mabaki ya bakteria waliokufa yanatosha kuichokoza.

Sheskin alimpa thalidomidi ili alale, basi. Dawa hiyo ilikuwa imeondolewa sokoni Ujerumani Magharibi Novemba 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Mgonjwa alilala. Siku chache baadaye vinundu vilianza kufifia.

Kinachonishangaza ni kwamba kabla habari za watoto hazijajulikana, thalidomidi ilikwisha kushukiwa kwa ajili ya neva. Desemba 31, 1960, jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha barua ya Leslie Florence, daktari wa Uskoti, kuhusu wagonjwa walioitumia muda mrefu wakapata ganzi mikononi na miguuni. Barua hiyo ilimzidishia shaka Frances Kelsey, aliyekuwa akikataa kuiidhinisha Marekani. Kumbe dawa inayojeruhi neva ndiyo ingekuja kutuliza ugonjwa unaozijeruhi.

Kwa nini ilituliza? Jibu lilichukua zaidi ya miaka 25. Seli za kinga huitana kwa molekuli ziitwazo saitokini. Ndizo mbiu ya mgambo ya mwili. Neva ikikatika, mbiu hiyo huita seli za kusafisha mabaki ili nyuzi mpya zipate njia ya kuota. Kwa hiyo haifai kunyamazishwa kabisa. Ila moja kati ya hizo, TNF, iliyoelezwa New York mwaka 1975 kwa uwezo wake wa kuua uvimbe wa saratani kwenye panya, huendelea kupigwa kwa wagonjwa hawa kupita kiasi. Mwaka 1991, Gilla Kaplan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, wakiwemo Wabrazili, walionyesha kwamba thalidomidi hupunguza utengenezaji wa TNF.

Marekani iliiidhinisha mwaka 1998, kwa vinundu vya ngozi. Palipo na uvimbe mkali wa neva, haikuruhusiwa kutumiwa peke yake.

Brazili haikuwahi kuiacha kwa wagonjwa wa ukoma, na watoto wenye viungo pungufu waliendelea kuzaliwa huko. Kwenye pakiti palichorwa mwanamke mjamzito aliyepigiwa mstari. Baadhi ya wanawake waliutazama mchoro ule wakaelewa kwamba ni vidonge vya kuzuia mimba.