Mtarakwa na Mwerezi: Majina Yaliyovuka Milima na Bahari

Mtarakwa, ambao wataalamu wa mimea huuita Juniperus procera, ni miongoni mwa miti michache ya asili ya Afrika Mashariki iliyo katika kundi la koniferi, yaani miti isiyotoa maua, ambayo mbegu zake hukomaa ndani ya koni, na ambayo mingi hubaki na majani mabichi mwaka mzima. Koni za mtarakwa ni ndogo na zina nyama, hata mtu asiyeujua huzidhania kuwa matunda. Jina lenyewe ni la nyanda za juu, kwani Wamaasai husema ol-tarakwai na Wakikuyu mũtarakwa.

Wafanyabiashara wa Ulaya hawakulijali jina hilo. Waliuita mwerezi wa penseli, kwa kuwa mbao zake laini na zenye harufu nzuri zilifaa kutengenezea penseli, sawa na zile za Juniperus virginiana wa Amerika Kaskazini, ambao nao huitwa mwerezi pasipo kuwa mwerezi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese iliuvuna mtarakwa katika msitu wa Shume, Usambara Magharibi, na kuteremsha magogo kwa njia ya waya hadi Mkumbara, ilikopita reli ya kutoka Tanga.

Mwerezi halisi ni Cedrus libani wa milima ya Lebanoni, Syria na Uturuki, ambao Waebrania waliuita erez na Waarabu huuita arz, na ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaukumbuka kwa hekalu la Suleimani. Hata hivyo, wafanyabiashara hao wasilaumiwe upesi, maana jina la Kilatini cedrus latokana na kedros la Kigiriki, ambalo Wagiriki wa kale walilitumia kwa miti ya jamii ya mtarakwa kabla ya kulihamishia kwenye mwerezi wa Lebanoni.

Upotovu usio na utetezi kama huo ni wa msaipresi. Mwaka 1768 mtaalamu wa mimea Philip Miller aliuita Cupressus lusitanica, yaani wa Lusitania, jina la kale la Ureno, kwa sababu ulikuwa ukipandwa huko, ilhali asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Na ndio uliokuja kupandwa kwa wingi katika mashamba ya miti ya Kenya na Tanzania, Shume ikiwamo.