Mivukuto ya Wahaya na Ilimu ya Gesi

Mwalimu wa kemia afundishaye Nshambya, au katika shule za Bukoba zenye sifa ya tangu zamani kama vile Ihungo, Kahororo na Rugambwa, aghalabu huianza sura ya gesi kwa mwanachuoni Robert Boyle, aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1662, kisha humfikia Mfaransa Gay-Lussac wa mwaka 1802. Hali wanafunzi wake wamezaliwa katika nchi ambayo mafundi wake waliitumikisha hewa karne nyingi kabla ya wanachuoni hao kuwapo duniani.

Kusini ya mji, pande za Kemondo, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri upatao miaka 1,500 hadi 2,000; na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, ambao kazi hiyo walikwisha kuiacha tangu chuma cha ng'ambo kilipoenea kwa bei nafuu, walikubali kulijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya macho yake. Habari hizo, alizoziandika pamoja na Donald Avery, zilitoka katika jarida la Science mwaka 1978.

Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya kazi zilizotangulia, juu ya shimo lililojazwa majani ya bwawani yaliyounguzwa, na ndani yake ikapenyezwa mirija ya udongo ipitishayo hewa ya mivukuto. Mfua mvukuto anapoiinua ngozi, nafasi ya ndani huongezeka, kanieneo hupungua, na hewa ya nje huingia. Anapoishindilia, nafasi hubanwa, kanieneo hupanda, na hewa hukimbilia motoni. Kanuni ya Boyle yote imo katika mkono ule unaopanda na kushuka, wala sijui chombo cha maabara kiidhihirishacho kwa uwazi kuushinda.

Schmidt na Avery walisema kwamba hewa, kwa kuwa mirija iliingia hadi ndani ya tanuri, ilipata moto kabla ya kuyafikia makaa. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo, na mabishano hayo yenyewe yafaa kuwekwa mbele ya wanafunzi, maadamu wanaweza kuyapima kwa hesabu. Hewa ya nyuzi 27 ikipashwa hadi nyuzi 627, kanieneo likibaki lile lile, ujazo wake huwa mara 3, kwani kelvini 300 zimekuwa 900. Na mwalimu asisahau kuwa Bukoba imeinuka kiasi cha mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo la hewa yake ni kama milimita 660 za zebaki, si 760 za vitabuni. Basi kila pigo la mvukuto lilibeba oksijeni pungufu kuliko pigo kama hilo likipigwa Tanga au Mombasa.

Ndani ya moto, oksijeni huungana na kaboni ikawa kaboni dayoksaidi, nayo ikikutana na makaa mekundu hugeuka kaboni monoksaidi, ujazo 1 ukizaa ujazo 2. Na gesi hii ya pili, isiyoonekana wala kunusika, ndiyo iliyoyanyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake, kikabaki chuma.