Bunkeya: kichwa cha Msiri na bonde tulilolipa kisogo

Kila tarehe 20 Desemba Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Mwami (mfalme) wao, Mwenda Msiri, aliyepigwa risasi siku kama hiyo mwaka 1891. Ngoma hulia, wazee husimulia, wageni hutoka mijini. Kesho yake magari hugeuza, na bonde zima la Lufira hubaki kimya mpaka Desemba nyingine. Lubumbashi tunayo Avenue Msiri, na watu huipita kila asubuhi wakienda kazini. Ni wangapi kati yao wamefika alikofia mwenye jina hilo?

Bunkeya si mbali. Ukishika barabara kuu hadi Likasi, kisha ukaelekea kaskazini, unaingia nchi ya nyasi na miombo, na upande wa mashariki uwanda wa juu wa Kundelungu unafunga upeo wa macho. Kijiji kiko kando ya mto mdogo wa jina lile lile, unaopeleka maji yake Lufira. Kuna kilima cha Nkulu, ambacho kitatajwa tena hapa chini kwa sababu ya bendera moja. Lipo kaburi. Ndipo akaapo Mwami. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuzunguka kwa siku moja mahali ambapo historia ya Katanga ilipinduka.

Msiri hakuzaliwa huku. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo, aliyekuwa akija Katanga kutafuta shaba. Mtoto alifuata njia ya baba, ila yeye alibaki. Ilikuwa katikati ya karne ya 19. Kwa bunduki, kwa ndoa na kwa kuingilia ugomvi wa machifu wa hapa, akajijengea ufalme wa Garenganze, na Bunkeya ikawa mji wake mkuu. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka pwani ya mashariki, ya Waovimbundu ikatoka upande wa Benguela. Walichukua shaba, pembe za ndovu na chumvi. Walichukua pia watu. Hilo la mwisho lisifichwe. Bonde lile lilipitisha watumwa wengi, na Basanga, wenyeji wa nchi, hawajasahau ukali wa utawala ule. Mwaka 1891 walikuwa wameshaasi, njaa imeingia, na mji uliokuwa umejaa watu ulikuwa umeanza kupungua.

Wazungu walifika miaka hiyo, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza kukaa alikuwa mmisionari Frederick Stanley Arnot, aliyeingia Bunkeya mwaka 1886 akitokea Benguela. Alfred Sharpe alipofika mwaka 1890, akiwa na mkataba wa Waingereza mkononi, Msiri alikuwa amekwisha kupata ushauri wa Arnot: usitie alama kwenye karatasi usiyosomewa yote. Akasomewa, akakataa, Sharpe akaondoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata Paul Le Marinel aliwaacha watu wake karibu na mto Lofoi, wakaanzisha kituo cha kwanza cha Dola Huru la Kongo katika Katanga. Alexandre Delcommune naye akapita, naye Msiri akamkatalia bendera.

Tarehe 14 Desemba 1891 akafika William Grant Stairs, Mkanada mwenye umri wa miaka 28, aliyeajiriwa na Mfalme Leopold wa Pili. Msafara wake ulipangwa Zanzibar, na wapagazi wake walikuwa watu wa pwani, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichoamrisha safari ile. Pamoja naye walikuwa Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji. Daktari Joseph Moloney, Mwingereza. Na Christian de Bonchamps, Mfaransa. Kwa siku chache zilizofuata tunategemea sana kitabu cha Moloney kilichotoka mwaka 1893, na masimulizi ya Bayeke yaliyokusanywa na Antoine Mwenda Munongo, mjukuu wa Msiri aliyekuja kuwa Mwami mwenyewe. Vyanzo hivi viwili havipatani, na hapo ndipo penye utamu na uchungu wa habari hii.

Vinapatana kwamba Stairs alidai bendera ya Leopold ipepee, Msiri akasitasita, na Stairs akaipandisha kilimani bila ruhusa. Vinapatana pia kwamba usiku Mwami aliondoka mjini akaenda kijiji cha Munema, na kwamba asubuhi ya tarehe 20 Bodson na Bonchamps walitumwa pamoja na askari zaidi ya mia moja kumleta. Bodson aliingia ndani ya boma na watu wachache. Kwa mujibu wa Moloney, Msiri alisimama kwa hasira mkono ukiwa kwenye upanga, upanga ambao Stairs mwenyewe alimpa zawadi, na Bodson akafyatua bastola kujiokoa. Bayeke husimulia habari ya mtu aliyeuawa mbele ya watu wake kwa sababu alikataa kuuza nchi. Masuka, mtoto wa Msiri, alimpiga Bodson risasi ya tumbo, na yeye mwenyewe akaangushwa papo hapo. Bodson alikufa usiku huo.

Halafu kinakuja kichwa. Moloney hasemi kitu juu yake. Aliyefichua ni Bonchamps, katika simulizi iliyochapishwa Ufaransa muda mfupi baadaye: kichwa cha Mwami kilikatwa, kikasimikwa juu ya mti ili watu wake wakione. Kimya cha daktari kinaeleza mengi kuliko kurasa zake zote za kumtukana Msiri kuwa dhalimu. Mtu anayeamini kwamba ametenda haki hana haja ya kuruka ukurasa kama huo.

Kilikwenda wapi? Simulizi moja ya Bayeke inasema kilimlaani kila aliyekibeba, na wasimulizi huonyesha kwa kidole kifo cha Stairs, ambaye homa ilimuua Chinde, kwenye mlango wa Zambezi, Juni 1892, akiwa njiani kurudi. Wapo wanaosema kilizikwa chini ya rundo la mawe katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wapo wanaosema kilifika Ulaya. Hakuna makumbusho yoyote yaliyojitokeza kusema, ni hiki hapa. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, na jeneza likazungushwa nchini mpaka Lubumbashi. Mambo yetu yamefungamana kwa namna ya ajabu: Lumumba aliuawa hapa Katanga, Januari 1961, wakati waziri wa mambo ya ndani wa serikali ya Tshombe, iliyokuwa imeitenga Katanga na Kongo, alikuwa Godefroid Munongo, mjukuu mwingine wa Msiri, ambaye naye alikuja kuwa Mwami wa Bayeke mpaka kifo chake mwaka 1992. Ikiwa jino liliweza kutafutwa, kichwa nacho kina haki ya kutafutwa, na swali hilo halifai kuachiwa ukoo mmoja peke yake.

Baada ya mauaji mambo yalikwenda haraka. Mukanda Bantu, mtoto wa Msiri, alikubaliwa na Wabelgiji kama mrithi, na watu wake wakapigana upande wa Dola. Msafara wa Stairs ulikaa Bunkeya ukifa njaa mpaka Kapteni Lucien Bia alipofika mwishoni mwa Januari 1892. Katika kundi la Bia alikuwemo Jules Cornet, mtaalamu wa miamba. Yeye ndiye aliyechora madini ya Katanga, na kutokana na kazi yake mji wetu wa Lubumbashi ulizaliwa mwaka 1910. Mukanda Bantu alifariki mwaka huo huo, na mrithi wake, Kitanika, ndiye aliyewarudisha Bunkeya watu waliokuwa wamehama.

Anayetaka kuona zaidi ya kaburi avuke Lufira kuelekea mashariki. Huko mto Lofoi unajitupa kutoka uwanda wa Kundelungu, maji yakianguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Ni mojawapo ya maporomoko marefu kuliko yote Afrika ya Kati. Tangu mwaka 1970 eneo hilo ni hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 7,600. Mvua zikiisha kabisa maji hupungua mpaka kuwa uzi mweupe ukutani mwa mwamba. Upande wa kusini kuna ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha la mwaka 1930, ambalo lilichukua maji ya maporomoko yaliyokuwa yamepewa jina la Cornet. Ziwani humo anaishi ndege wa aina moja ya kwera ambaye wataalamu wanamjua kutoka bonde hili tu: aligunduliwa mwaka 1960, akapewa jina la kisayansi mwaka 1982.

Na tazameni mambo yalivyo. Mitambo ya Mwadingusha ilipozeeka, fedha za shaba zilipatikana na ikafanywa upya, kwa sababu migodi ya Kolwezi ilihitaji umeme. Mashine nzito zilifika, mafundi walifika. Lakini mwalimu wa Lubumbashi anayetaka kupeleka darasa lake Bunkeya au Lofoi atafute gari mwenyewe, njia aiulize kwa wenyeji, na akifika asikute hata kibao cha kumweleza mwanafunzi ni nini kilitokea pale. Mgawanyo wa majimbo wa mwaka 2015 umezidisha tatizo: Bunkeya imekwenda Lualaba, maporomoko yamebaki Haut-Katanga, na mtalii anayehitaji vyote viwili hana ofisi moja ya kumhudumia. Bonde ni moja, na historia yake ni moja. Magavana wawili wanaweza kukaa meza moja kwa ajili ya barabara moja na mabango machache. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na shaba inayotoka katika ardhi hiyo.

Sikukuu ya Desemba huangukia katikati ya masika, matope yakiwa tele. Msomaji unayeweza, usingoje tarehe 20. Nenda Mei au Juni, njia zikiwa zimekauka na Lofoi ingali na maji. Kwanza piga hodi kwa Mwami, kama adabu inavyotaka, ndipo uombe mzee mmoja akupandishe Nkulu. Chukua watoto.