Mbele ya pembe ya Gennett

Aprili 1923, wanamuziki saba wa jazz kutoka Chicago walifika mji mdogo wa Richmond, jimbo la Indiana, kurekodi katika studio ya Gennett, mali ya kiwanda cha piano cha Starr. Studio ilikuwa pembeni mwa reli. Treni ikipita, kazi inasimama. Kiongozi wao alikuwa King Oliver, mpiga korneti, na korneti ya pili ilishikwa na kijana wa miaka 21, Louis Armstrong.

Maikrofoni hazikuwa zimeingia studio bado. Sauti iliingia kwenye pembe kubwa, ikatikisa utando, utando ukaisukuma sindano, nayo ikachora mfereji kwenye sahani ya nta. Hapakuwa na kitufe cha kuongeza wala kupunguza. Fundi alipanga watu, si sauti. Mwenye ala ya upole alisogezwa karibu na mwenye makeke akarudishwa nyuma. Lil Hardin, mpiga piano wa bendi hiyo aliyeolewa na Armstrong mwaka uliofuata, alisimulia baadaye jinsi kijana huyo alivyotengwa mbali na wenzake kwa sababu korneti yake ilikuwa ikimfunika Oliver.

Aliyeonewa zaidi ni mpiga ngoma, Baby Dodds. Pigo moja zito la ngoma lingeweza kuirusha sindano, basi akaachiwa kugonga vipande vya mbao. Bill Johnson, mpiga besi hodari, naye aliiacha besi akashika banjo. Waliojifunza mtindo wa New Orleans, ambao bendi hii iliupiga, kwa kusikiliza santuri hizo walirithi na upungufu wa mtambo wakidhani ni mtindo. Mimi bado hukutana na watu wanaoamini kwamba wapiga ngoma wa wakati ule hawakuwa na lolote.

Na bado ufundi unapenya. Katika “Dippermouth Blues” Oliver anaifinyafinya sauti ya korneti yake kwa kizibo mpaka inakaribia kunena, na wapiga korneti wa kizazi kile walikikariri kipande hicho noti kwa noti. Katika “Chimes Blues” Armstrong anasikika peke yake kwa mara ya kwanza kwenye santuri. Halafu kuna zile korneti mbili zinazochomoza pamoja ghafla, zimepatana utadhani zimeandikiwa. Hazikuandikwa. Oliver alimdokezea Armstrong mapema, katikati ya wimbo, atakachopiga, naye akatunga ya kwake papo hapo.

Mwaka 1925 kampuni kubwa zilianza kurekodi kwa maikrofoni, na besi na ngoma zikapata nafasi yake. Santuri za 1923 zikabaki zilivyo, na kila anayezitoa upya hutegemea nakala chache zilizonusurika sindano nzito za chuma.

Katika kazi hiyo Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki mwaka 2004, hakuwa na mpinzani. Alikuwa mwanamuziki yeye mwenyewe. Alichagua sindano ya upana unaogusa sehemu ya mfereji ambayo haijalika, akahamishia sauti kwenye tepu, kisha akatafuta mlio wa kila mkwaruzo na kuukwangua taratibu kwa wembe. Kompyuta zilipokuja, kazi ya wiki ikawa ya dakika, na hapo ndipo ilipoharibika. Mvumo wa santuri unakaa palepale inapokaa pumzi ya mpigaji na ukali wa klarineti. Ukiufuta wote, unafuta na watu. Kuna matoleo safi kabisa ambayo bendi ya Oliver inasikika kama imefungiwa kabatini, heri mikwaruzo. Toleo la kampuni ya Archeophone la 2006, lililosafishwa na Doug Benson, linaacha mvumo kiasi, na korneti mbili zinatengana vizuri.

Tatizo jingine ni mwendo. Santuri hizi huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini mitambo ya zamani haikuwa na nidhamu hiyo. Ukiizungusha santuri haraka kupita kiasi, muziki unapanda na tempo inakimbia, na mpigaji wa kawaida anageuka bingwa wa kasi. Mrekebishaji hana budi kujua wapiga korneti na klarineti walipenda funguo zipi. Wimbo ukiangukia katikati ya funguo mbili, mwendo ndio wenye kosa.

Wala si ugonjwa wa zama za nta tu. Machi 2, 1959, mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi New York nyimbo tatu za upande wa kwanza wa albamu “Kind of Blue”. Mashine kuu ya tepu ilikuwa ikizunguka polepole kidogo, kwa hiyo tepu ilipochezwa kwa mwendo sahihi, muziki ulipanda. Kosa lilisahihishwa mwaka 1992, kwa kutumia tepu ya mashine ya pili iliyokuwa ikirekodi sambamba. Kwa zaidi ya miaka 30, mwanafunzi wa tarumbeta aliyetaka kupiga pamoja na santuri hiyo alilazimika kuirekebisha ala yake kidogo ili zilingane. Wa piano hakuwa na la kufanya.