Kutoka Kipande cha Shingoni Hadi Huduma Namba: Nani Anazilinda Taarifa Zako?

Wengi wakisikia habari za ulinzi wa taarifa binafsi wanawaza simu janja, wadukuzi na kampuni kubwa za Marekani. Kumbe ishu yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Hapo Kenya tu ina zaidi ya miaka 100, na ilianza na kopo dogo la chuma lililoning'inia kwenye shingo za wanaume. Tulia usome mpaka mwisho, maana mwisho wa stori hii unakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga Nairobi.

KOPO LA SHINGONI

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika. Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha, hivyo kazi ikaanza kwa nguvu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi iliyoitwa kipande. Ndani yake kulikuwa na jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoacha. Karatasi iliwekwa kwenye kikopo cha chuma, kikafungwa kamba, kikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Sasa angalia ilivyofanya kazi. Mtu akitaka kuacha kazi, lazima mwajiri aweke sahihi. Bila sahihi hiyo hapati kazi kwingine, na akiondoka hivyo hivyo anahesabika mtoro, polisi wanamsaka. Akifika kwa mwajiri mpya, jamaa anafungua kipande na kuona alikuwa analipwa ngapi. Habari ya kupatana bei imeishia hapo.

Alama za vidole nazo zilibaki kwenye ofisi kuu Nairobi. Kwa lugha ya leo hiyo ungeiita kanzidata, tofauti ni kwamba ilikuwa ya makaratasi. Na hakuna aliyemuuliza mwenye vidole kama amekubali.

ALIYEKUWA KARANI WA SIMU

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya kupokea simu kwenye ofisi ya Hazina Nairobi alianza kuwakusanya watu. Malalamiko yalikuwa matatu makubwa: kodi, mishahara kupunguzwa, na kipande. Machi 14, 1922 akakamatwa.

Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi kudai aachiwe. Wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke mmoja akajitokeza mbele na kuwasuta kwa woga wao. Risasi zikapigwa. Takwimu za serikali zilisema waliokufa ni 21, wengine walisema ni wengi zaidi ya hapo. Yule mama alikuwa mmoja wa waliouawa. Kijana mwenyewe akapelekwa uhamishoni, kwanza Kismayu, akakaa uhamishoni miaka mingi.

Kwa hiyo mtu akikwambia watu wa Afrika hawajali habari za faragha, mwambie kuna watu walikufa Nairobi kabla intaneti haijazaliwa, na moja ya sababu ilikuwa karatasi yenye taarifa zao.

WALIPOGUSWA WENYEWE

Hapa kuna kitu kinachekesha na kinauma. Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa ili watu wa rangi zote waandikishwe, siyo Waafrika peke yao. Walowezi wa Kizungu wakaja juu! Kuchukuliwa alama za vidole, walisema, ni kufanywa kama wahalifu.

Yaani kitu kilichofanyiwa Waafrika zaidi ya miaka 25 bila shida, kikawa aibu siku kilipobisha hodi kwenye mlango wa mlowezi.

Baada ya uhuru kopo liliondoka, lakini kitambulisho kilibaki. Wanawake walikuja kuingizwa kwenye uandikishaji huo mwishoni mwa miaka ya 1970. Na wapo waliobaki wakihangaika, kama Wanubi wa Kibra, wajukuu wa askari walioletwa na Waingereza. Wao kupata kitambulisho ilibidi wapite kwenye kamati za kuwahoji kama kweli ni Wakenya, wakati mwenzao wa mtaa wa pili anajaza fomu tu na kusubiri.

HUDUMA NAMBA YAINGIA

Ruka sasa mpaka 2019. Serikali ya Kenya ikaja na mpango wa kukusanya taarifa za kila mtu kwenye mfumo mmoja na kumpa namba moja ya maisha, Huduma Namba. Wazo lenyewe halikuwa baya. Nani anapenda kubeba kadi tano na kujaza fomu ileile kila ofisi?

Tatizo lilikuwa kwenye maandishi. Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2018 iliruhusu kuchukua alama za vidole, mboni ya jicho, umbo la sikio, sauti, hata vinasaba, pamoja na mahali nyumba ilipo kwa GPS. Na wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kulinda taarifa binafsi. Ni sawa na kuhamisha mali yote ya ukoo kwenye nyumba moja, halafu fundi wa milango anatafutwa kesho.

Hapa lazima ieleweke kitu kimoja. Neno la siri likiibiwa, unabadilisha. Laini ikipotea, unarudisha namba. Kidole hakibadilishwi. Jicho halibadilishwi. Vikivuja vimevuja kwa maisha yako yote.

Jumuiya ya Wanubi na mashirika ya haki za binadamu wakaenda mahakamani. Aprili 1, 2019 mahakama ikasema uandikishaji uendelee, lakini mtu asilazimishwe, asinyimwe huduma kwa kutojiandikisha, na vinasaba na GPS visiguswe. Bado watu walipanga foleni ndefu, maana uvumi mtaani ulikuwa kwamba usipojiandikisha umekwisha. Serikali ikasema walioandikishwa ni takribani milioni 37.

Novemba 2019 ndipo sheria ya kulinda data ikasainiwa, foleni zikiwa zimeshaisha miezi mingi. Januari 30, 2020 majaji watatu wakatoa hukumu: vinasaba na GPS ni kinyume cha Katiba, na mfumo usitumike mpaka kuwe na kanuni kamili za kuulinda.

Serikali ikaendelea na kadi. Safari hii profesa mmoja mkongwe wa sheria na taasisi moja ya kutetea Katiba wakarudi mahakamani. Oktoba 14, 2021 jaji akasema utoaji wa kadi ni batili, kwa sababu haikufanyika kwanza tathmini ya athari, yaani kukaa chini na kujiuliza: hizi taarifa zikivuja au zikitumiwa vibaya, nani ataumia na tutamkingaje? Hoja kwamba sheria ilikuja baada ya taarifa kukusanywa haikusaidia. Haki ya faragha ilikuwa kwenye Katiba tangu 2010.

Mabilioni yalishatumika. Baadaye serikali mpya ikaja na Maisha Namba, nayo ikapelekwa mahakamani.

SIKU MFUMO ULIPOLALA

Julai 2023 ikaja somo la pili. Tovuti ya eCitizen, ambako Wakenya wanaombea pasipoti, leseni na huduma zaidi ya 5,000, ilishambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitapa ndilo lililofanya. Mbinu yao ilikuwa kuusukumia mfumo maombi mengi kwa wakati mmoja mpaka unashindwa kupumua, kama watu elfu moja kujazana kwenye mlango wa duka ili mteja wa kweli asipite. Hata baadhi ya huduma za fedha kwa simu na ununuzi wa umeme viliyumba.

Serikali ilisema hakuna taarifa zilizoibiwa. Sawa, lakini watu walikwama na visa zao na nauli zao. Ulinzi siyo kuzuia wizi tu. Ni pamoja na kuhakikisha mwenye haki yake anaipata anapoihitaji. Mwaka 2024 Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili wa Sudan kuhusu kundi hilo. Wawili tu!

NA HUKU BONGO?

Usicheke Wakenya. Tanzania nayo ilianza kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019, na Januari 2020 foleni za NIDA zilikuwa gumzo nchi nzima kwa sababu laini zilikuwa zinazimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Fanya hesabu mwenyewe: vidole kwanza, sheria baadaye.

Habari njema ni kwamba sasa sheria ipo, na inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumika kwa kazi gani na kudai zirekebishwe zikikosewa. Lakini haki isiyoulizwa hulala. Adui wa taarifa zako siyo mdukuzi aliye mbali peke yake. Anaweza kuwa ofisa mwenye funguo halali anayechungulia asichotumwa, au mkubwa anayetaka kujua wewe uko upande gani.

Watu wa kopo la shingoni hawakuwa na mahali pa kuuliza, walipouliza wakajibiwa kwa risasi. Wanubi wa Kibra waliuliza mahakamani, na nchi nzima ikapata jibu. Wewe ukiweka kidole kwenye mashine unauliza nini? Dondosha maoni yako hapo chini, mwambie na mwenzako wa kwenye foleni.