Mchango, Wakfu na Ruzuku

Tuseme kikundi cha kinamama wa Nyasura, pale Bunda mjini mkoani Mara, kinataka kuchimba kisima. Kinaweza kuitisha mchango. Kinaweza kumpata mwenye mali akatoa sehemu ya mali yake iwe ya watu wote daima. Kinaweza pia kuandika andiko la mradi na kulipeleka kwa mfadhili. Siku hizi vikundi vingi hukimbilia njia hii ya tatu kana kwamba mbili za kwanza hazikuwahi kuwepo, na jibu la mfadhili likichelewa au likiwa la kukataa, kikundi kinasambaratika. Naamini tatizo linaanzia hapo. Mchango, wakfu na ruzuku ni mapokeo matatu yenye historia tofauti, na anayeomba ruzuku bila kujua mawili yaliyotangulia huandika andiko lisilo na mguu wa kusimamia.

Mchango ndio wa kwetu. Wakurya wana risaga, na majirani zao Wajaluo wana saga: mwenye shamba huita watu, huandaa chakula na pombe, wao humlimia, na mwingine akiita naye huenda. Upareni na Usambaani kuna msaragambo, ambao kazi yake si shamba la mtu mmoja, ni mfereji au barabara ya wote. Katika kazi hizi hakuna fomu ya kujaza, lakini hesabu ipo na ni kali. Asiyetokea bila sababu anajulikana, na siku akiita yeye atalima peke yake. Swali ambalo mchango humuuliza kila mtu ni moja tu: wewe umetoa nini?

Nguvu ya swali hilo tunaiona hadi leo kwenye maboma. Wananchi husomba mawe na mchanga, hufyatua tofali, huchanga fedha kwa kaya, wakajenga darasa au zahanati mpaka kwenye renta. Kisha wanasubiri serikali ipaue. Yako maboma yaliyopauliwa ndani ya mwaka, na yako yaliyonyeshewa hadi kuta zikaanza kumomonyoka. Hapo ndipo mpaka wa mchango ulipo: mikono ya watu hujenga ukuta, ila bati, saruji, pampu na dawa hutaka fedha, na fedha ndiyo haba kwa mkulima wa pamba na mvuvi wa dagaa.

Kenya iliufanya mchango kuwa sera ya taifa. Jomo Kenyatta aliinua wito wa harambee mwaka 1963, neno likaingia hata kwenye nembo ya taifa, na katika miaka iliyofuata shule za sekondari za harambee zikawa nyingi kuliko za serikali. Ni mafanikio makubwa, nami nayaheshimu. Lakini harambee ilipogeuka jukwaa la wanasiasa kuonyesha mabunda ya noti, na machifu wakaanza kuwabana wanyonge walipe, mchango ulipoteza haki yake. Mwaka 2003 Kenya ilitunga sheria ya maadili ya maofisa wa umma iliyowazuia kutumia vyeo vyao kukusanya michango. Kaya ya mjane na kaya ya mwenye duka zikitozwa kiasi kilekile, huo si usawa, hata kama wote wamekubali mkutanoni kwa kunyoosha mikono.

Kwetu Mara suala la kujitegemea lina uzito wa pekee. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922 na amelazwa hukohuko. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kabisa wazo kwamba fedha za wageni ndizo zitakazotuendeleza. Msingi uliotajwa ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi zaidi. Wapo wanaosema Mwalimu alijipinga. Mimi naona Azimio halikukataza kupokea. Lilionya kuhusu mpangilio, kwamba anayeanza na fedha ya mgeni kabla ya kupima nguvu yake mwenyewe ameanzia mwisho.

Wakfu una swali jingine: kitadumu vipi? Katika Uislamu, mwenye mali hufunga shamba, nyumba au duka, likawa haliuzwi wala halirithiwi, na mapato yake yakaenda kwenye msikiti, madrasa, kisima au maskini. Miji ya pwani, Zanzibar na Lamu, imejaa mali za namna hii: minazi iliyokuwa ikinunua mafuta ya taa za msikiti, vyumba vya kupanga vilivyokuwa vikimlipa mwalimu. Oman wameupeleka utaratibu huu hadi ndani ya maji yenyewe. Katika mifereji mingi ya jadi iitwayo falaj, baadhi ya zamu za maji si za mkulima yeyote, ni mali ya falaj. Zamu hizo hupigwa mnada, na fedha yake husafisha na kukarabati mfereji. Mifereji mitano ya aina hiyo iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, nayo inatiririsha maji bado.

Fikiria hilo ukiwa Nyasura, mbele ya pampu ya mkono iliyokufa kwa kukosa kipuri. Kisima kilitolewa, watu walishangilia, lakini hakuna aliyekipa kisima mali yake chenyewe.

Wakfu nao una maradhi yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba za wakfu zilizochakaa kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo mno kulipia hata chokaa. Msimamizi asiye mwaminifu huila mali hiyo kimyakimya, kwa kuwa aliyeitoa ameshakufa na wanaonufaika hawajui haki yao. Mali ya kudumu hutaka macho ya kudumu.

Ruzuku, yaani fedha ya mfadhili tusiyemfahamu, hailetwi na ujirani wala ibada. Ni fedha ya mgeni kwa mgeni, na kwa hiyo swali lake ni: utanionyeshaje? Ndiyo maana hutaka hati ya usajili, katiba ya kikundi, muhtasari wa vikao, akaunti ya benki, bajeti, taarifa ya ukaguzi. Watu wengi hulalamikia makaratasi haya. Mimi nayatetea, maana yanafungua mlango kwa mtu asiye na ndugu wizarani. Mwanamke wa Nyasura akiliona tangazo la ruzuku ana haki sawa na mtoto wa mkubwa, angalau kwa maandishi.

Ajabu ni kwamba wafadhili makini wamekuwa wakirudi kwenye maswali mawili ya mwanzo. Andrew Carnegie, Mskoti aliyetajirika kwa chuma huko Marekani, alitoa fedha zilizojenga maktaba zaidi ya 2,500. Hakutoa hivihivi. Mji ulioomba ulitakiwa utoe kiwanja, na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi alichotoa kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Baadhi ya miji ilikataa masharti hayo. Kiwanja ni swali la mchango. Asilimia 10 ni swali la wakfu. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, ilipoanza mwaka 2000 nayo ilitaka jamii ichangie sehemu ya gharama, kwa fedha au nguvu kazi. Mpango wa ruzuku ndogo wa Japani, ulioanza mwaka 1989, umejenga madarasa na vituo vya afya nchini, lakini hulipia majengo na vifaa tu. Mishahara na uendeshaji ni juu ya mwombaji. Anayeomba kwao bila kueleza nani atalipa umeme na fundi hana jibu la swali muhimu kuliko yote.

Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997, imekwenda mbele zaidi: huzisaidia jamii kukusanya michango yao na kujenga mfuko wa kudumu unaozaa. Hapo harambee na wakfu vimekutana ndani ya taasisi ya kisasa. Sioni sababu ya Mara kutokuwa na mfuko wa namna hiyo.

Haja ya kuuanzisha haraka inaonekana. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likafikia mwisho wake. Mashirika ya Tanzania yaliyoishi kwa fedha hiyo yalipunguza watumishi na kusimamisha huduma. Yaliyokuwa na wanachama wanaochanga yalibaki na kitu cha kushika.

Niseme pia, maana linachanganya wengi: asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutengea vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, si ruzuku. Ni mkopo. Hauna riba, ulisitishwa mwaka 2023 ukarejeshwa mwaka 2024, na lazima urudishwe. Ni mzuri kwa biashara, ila haufai kwa kisima cha jamii.

Wafadhili nao wana deni. Ruzuku ya miaka miwili au mitatu isiyoruhusu kuweka akiba ya matengenezo inajenga kitu ikijua kitakufa. Kumtaka mkulima wa Bunda aandike kwa Kiingereza cha kitaalamu ni kuwapa kazi waandishi wa kukodi, wanaonakili andiko lilelile kwa vikundi kumi na kubadilisha jina la kata tu. Pokeeni maandiko ya Kiswahili, na ruhusuni sehemu ya fedha ibaki kuwa mtaji wa mradi.

Nanyi wenye vikundi, wa Nyasura, Butiama na Musoma: fungueni daftari kabla ya kufungua kompyuta. Aliyeleta lori la mawe aandikwe, aliyefanya kibarua siku nzima aandikwe, na kazi hiyo ithaminishwe kwa bei ya kibarua ya hapo mtaani. Kubalianeni kwa saini bei ya ndoo ya maji, nani atashika fedha na nani atamkagua. Kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, sajilini kikundi halmashauri, ndipo mkae kuandika. Ukurasa wa kwanza wa andiko uwe kile mlichokwisha kutoa wenyewe, na wa mwisho uwe mpango wa kukitunza kisima mfadhili akishaondoka.