Doa jeupe ulimini lisilobanduka lisipuuzwe

Doa jeupe ulimini, hasa pembeni au upande wa chini, ambalo halibanduki likisuguliwa, huenda likawa lukoplakia, hali inayoweza kugeuka kuwa saratani. Utando wa kuvu, kinyume chake, aghalabu hubanduka ukipanguswa.

Kwa kuwa doa hili kwa kawaida haliumi, wengi huchelewa kutafuta matibabu. Sigara, ugoro, tambuu na pombe huongeza hatari.

Likidumu zaidi ya majuma mawili, mwone daktari wa meno. Likichanganyika na wekundu au kuwa gumu, usingoje. Macho pekee hayatoshi: kipande kidogo hukatwa kikachunguzwe maabarani.

Mgonjwa akiacha tumbaku, baadhi ya madoa hufifia. Yenye seli zilizoharibika huondolewa kwa upasuaji. Kwa vile yaweza kurejea, uchunguzi wa mara kwa mara ni lazima.